Msemaji na Nahodha: Nani Aongoze Kundi Katika Michezo ya Wahusika?

Wahenga walikwisha kulikata shauri hili: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ukimwuliza mtu yeyote wa visiwani kwetu iwapo kundi la watu wanaosafiri pamoja lahitaji kiongozi, atakujibu kwa methali hiyo, tena atakushangaa kwa kuuliza jambo ambalo jawabu lake limo mdomoni mwa kila mtoto. Mimi nami niliulizwa, nikajibu hivyo hivyo, kisha jawabu langu likanirudi.

Kisa chenyewe ni kidogo. Mpwa wangu alikuja likizo kutoka ughaibuni anakosoma, akaja na kisanduku cha mchezo ambao vijana wa huko huucheza usiku kucha. Hauna kete za kusukuma kama bao, wala hauna karata za kugawa. Watu huzunguka meza. Mmoja wao ni mwamuzi, naye ndiye ajuaye kilichomo nyuma ya kila mlango. Waliobaki kila mmoja humchukua mhusika akamsemea: huyu askari, huyu kasisi, yule mwizi, yule mchawi. Mwamuzi hueleza wanachokiona, wachezaji husema wanachokitenda, na penye shaka hutupwa dadu. Hutoka hapo hadithi isiyokuwa na mtunzi mmoja. Michezo ya namna hii ni mingi sasa, na ulio mashuhuri kuliko yote, na mkongwe kuliko yote iliyopigwa chapa, ni Dungeons & Dragons.

Kwa kuwa nina meza kubwa na vitabu vingi, vijana watano wakaichagua sebule yangu. Mpwa wangu alikuwa mwamuzi. Usiku wa tatu kundi lilifika mbele ya mlango wa chuma. Binti wa jirani, aliyekuwa mdogo kuliko wote na mwenye sauti ndogo kuliko wote, alisema, "Tungoje. Tutege sikio kwanza." Kijana mkubwa wao, aliyezoea kusema kwa niaba ya wenziwe bila ya kuchaguliwa na mtu, akamwambia mwamuzi, "Tunafungua." Mlango ukafunguliwa. Kilichokuwa nyuma yake kilimwua mhusika mmoja tu, na mhusika huyo alikuwa wa yule binti. Akakusanya vitu vyake, akaniamkia kwa heshima kama kawaida yake, akaenda zake.

Siku ya pili walinijia wote isipokuwa yeye. "Mjomba," akasema mpwa wangu, "tuamulie. Kundi lazima liwe na kiongozi au si lazima?" Nikawapa methali ya manahodha. Kijana mkubwa akafurahi, maana aliiona imempa usukani. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nimesema bila ya kufikiri, na kwamba methali yangu imemwonea mtu asiyekuwapo.

Mimi sikusoma chuo chochote. Nilichokipata nimekipata kwa kufasiri, na mfasiri akikwama ada yake ni kulifuata neno hadi lilikozaliwa. Basi nikataka kujua wenye mchezo wao walilifanyaje suala hili. Niliyoyakuta ndiyo ninayoyaleta mbele ya wasomaji, kwa kuwa naona yanagusa zaidi ya mchezo.

Nasaba ya kijeshi

Mchezo huu una babu aliyevaa sare. Mwaka 1812, katika nchi ya Prussia, mtu mmoja aitwaye Georg Leopold von Reisswitz alimpelekea mfalme wake meza iliyotengenezwa kwa ajili ya kuigiza vita. Mwaka 1824 mwanawe, aliyekuwa afisa wa mizinga, alitoa kanuni za mchezo huo zilizotengenezwa upya kwa ajili ya mafunzo ya maafisa. Meza iliachwa, zikatumika ramani za kweli zilizochorwa kwa kipimo cha moja kwa elfu nane, pamoja na dadu za kuonesha bahati ya vita. Pande mbili zilipambana, na baina yao palikuwa na mwamuzi aliyeyajua ya huku na ya kule, akamwonesha kila mmoja kile tu ambacho jicho lake lingeweza kukiona vitani.

Katika mchezo wa namna hiyo suala la kiongozi halikuwa na pa kuzukia. Kila upande ulikuwa na kamanda, na chini ya kamanda palikuwa na maafisa wa kuzipokea amri zake. Hakuna aliyeuliza kwa nini yule aamrishe na huyu atii, kwa sababu jawabu lilikuwa limeshonwa mabegani mwao kabla hawajaketi.

Mwaka 1876 afisa mwingine wa Kijerumani, Julius von Verdy du Vernois, alipendekeza mchezo upunguziwe majedwali na hesabu, na mwamuzi mwenye uzoefu aachiwe aamue kwa busara yake. Miaka minne baadaye, mwaka 1880, Charles Totten wa jeshi la Marekani alichapisha kitabu chake Strategos. Kitabu hicho kilisahauliwa kwa takriban miaka themanini na zaidi, hadi kijana mmoja aitwaye David Wesely alipokikuta katika maktaba ya chuo kikuu huko Minnesota. Alichokichota humo ni fikra mbili: kwamba awepo mwamuzi, na kwamba mchezaji aruhusiwe kujaribu jambo lolote, hata lisilokuwamo katika kanuni.

Mwaka 1969 Wesely aliwaalika wenziwe wacheze vita katika mji wa kubuni aliouita Braunstein. Kwa kuwa wageni walikuwa wengi kuliko makamanda, aliwagawia waliozidi vyeo vya raia: huyu meya, huyu mkuu wa chuo, huyu mwenye benki. Nia yake ilikuwa awaite mmoja mmoja chumba cha pili, kila mtu amwambie faraghani atakalolitenda. Walakini waliokuwa wakingoja hawakungoja. Walianza kunong'onezana, kupatana, kugombana na kupangiana njama, hata mwamuzi asijue tena nani yuko wapi. Majeshi hayakufika hata kupigana. Wesely alirudi kwake akiamini kwamba ameharibu. Wenziwe walimfuata wakamwomba awaandalie mwingine.

Usiku ule ulivunja kitu. Kwa mara ya kwanza watu walicheza mchezo wa vita bila ya mabega yenye nyota. Meya hakuweza kumwamrisha mwenye benki, alilazimika kumshawishi.

Mmoja wa waliokuwa wakicheza katika duru hiyo, Dave Arneson, alilichukua jambo hilo akalipeleka kwingine. Kuanzia mwaka 1971, katika nchi ya kubuni aliyoipa jina la Blackmoor, hakuwagombanisha wachezaji wenyewe kwa wenyewe. Aliwateremsha pamoja katika mahandaki ya chini ya kasri, giza mbele yao na madubwana ndani ya giza. Hapo ndipo suala letu lilipozaliwa. Maadui wawili hawahitaji kukubaliana. Jeshi halihitaji kukubaliana, linahitaji kutii. Bali watu sita waliosimama njia panda ndani ya handaki, wote wakiwa sawa, na mmoja wao ndiye mwenye taa, hao hawana budi wapate njia ya kusema "sisi".

Mdomo wa kundi

Arneson alimwonesha mchezo wake Gary Gygax, wa mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Kutokana na mkutano huo kilitoka, mwezi wa Januari 1974, kisanduku chenye vijitabu vitatu, nakala elfu moja kwa toleo la kwanza. Kampuni iliyokitoa, TSR, Gygax na rafikiye Don Kaye walikuwa wameiasisi mwaka uliotangulia.

Anayevisoma vijitabu hivyo leo hushangazwa kwanza na idadi. Vinasema mwamuzi anaweza kuwa na wachezaji kuanzia wanne hadi hamsini katika mfululizo mmoja wa hadithi, na kwamba mwamuzi mmoja kwa wachezaji ishirini ni kipimo cha kufaa. Naomba msomaji apige picha ya watu ishirini sebuleni mwake, kila mmoja anajua la kufanya, kila mmoja anataka lake lisikike kwanza. Penye wengi pana mengi, na mwamuzi ana masikio mawili tu.

Dawa yao ilikuwa ni kumteua mtu mmoja awe mdomo. Katika kijitabu cha tatu mna mfano wa mazungumzo ya mchezo, na sauti zinazosikika ni mbili: ya mwamuzi, na ya huyo aliyesemea wachezaji wote. Mwamuzi anaeleza ukumbi na milango. Mwenzake anajibu kwamba kundi linageuka, linasikiliza, linaendelea. Wengine wapo, ila hatuwasikii. Wamekuwa "sisi" ndani ya kinywa cha mtu mmoja.

Nilipotakiwa kulitia neno hilo katika Kiswahili kwa ajili ya vijana wangu, nilisita. Kwa Kiingereza asili yake ni kuita, kupaza sauti. Mwanzo niliandika "kiongozi", nikalifuta. Nikaandika "kinara", nikalifuta pia, kwa sababu kinara hutangulia, naye huyu hakutajwa kuwa anatangulia mtu. Nikafikiri "mpiga mbiu", nikaona limezidi, maana mpiga mbiu hutangaza amri ya mwenye mamlaka, na hapa mwenye mamlaka ni nani? Mwishowe nikaandika "msemaji". Kusita huko ndiko kulikonifunza. Wenye mchezo, walipopata haja ya mtu mmoja mbele ya wengi, hawakumwita kamanda, ijapokuwa walitoka katika michezo ya vita na neno hilo walikuwa nalo karibu. Walichagua neno la kazi ya ulimi.

Kuna ushahidi wa pili. Katika kanuni hizo hizo kila mhusika ana kipimo cha haiba yake, kinachotokana na dadu tatu, yaani kuanzia 3 hadi 18. Haiba iliamua ni vibarua wangapi mhusika aweza kuwavuta wamfuate, na jinsi watakavyokuwa waaminifu kwake. Mwenye 18 aliweza kuwa na 12. Basi uongozi ulipimwa kwa tarakimu, lakini ulihusu wale waliolipwa ujira. Hapakuwa na tarakimu iliyompa mchezaji mmoja haki ya kumwamrisha mchezaji mwenziwe.

Neno linapohama

Maneno hayakai pahala pamoja. Mwaka 1979, Gygax alipotoa kitabu kikubwa cha mwongozo wa waamuzi kwa ajili ya toleo lililopanuliwa la mchezo, aliweka tena mfano wa mazungumzo. Safari hii wasemao upande wa wachezaji ni wa namna mbili: mhusika anayeongoza, na wahusika wengine. Utaona mabadiliko mawili kwa wakati mmoja. Wale waliokuwa kimya mwaka 1974 wamepata sauti, hilo ni jema. Lakini aliyekuwa mdomo sasa amekuwa kichwa, na hakuna aliyetangaza mapinduzi.

Nadhani hivi ndivyo uongozi mwingi unavyozaliwa duniani. Mtu hupewa kazi ya kuyapeleka maneno ya wenziwe kwa kuwa ana sauti nzuri au yupo karibu na mlango. Huyapeleka leo, huyapeleka kesho. Siku ya tatu wenziwe wamechelewa kuamua na mwenye kungoja anangoja, basi huamua yeye ili kazi isilale. Siku ya nne hawamngojei tena kuuliza, wala yeye hawaulizi.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1981, Tom Moldvay aliyapanga upya mafunzo ya mchezo kwa ajili ya wanaoanza, vijana wadogo hasa. Naye alishauri ateuliwe msemaji, na pamoja naye mchora ramani. Akasema inafaa mhusika wa msemaji awe na haiba kubwa, na awe karibu na mbele ya msafara, ili aweze kuyaona yale ambayo mwamuzi anayaeleza. Kisha akaongeza jambo ambalo kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote katika kitabu kile: kwamba msemaji ni kiungo baina ya wachezaji na mwamuzi, kazi yake ni kuhakikisha anayafikisha matakwa ya kila mmoja kwa usahihi, wala si kazi yake kuwahukumia wenziwe la kutenda.

Mfano wake wa mazungumzo unalionesha hilo vizuri. Msemaji ni mhusika wa kike, askari aitwaye Morgan Ironwolf. Maadamu kundi linatembea, yeye ndiye anayesema linakwenda wapi. Ila hatari inapomkabili mtu mmoja, mtu huyo husema mwenyewe. Mwizi wao, Black Dougal, anashughulikia kisanduku, anachomwa na sindano ya sumu, na anaanguka akiwa amekufa. Hakuna aliyemwamrisha. Na kabla maiti haijapoa, mmoja wa wenziwe anauchukua mkoba wake wautilie hazina. Mtu aweza kucheka, na aweza kusikitika. Mimi nimeona humo mpaka uliochorwa kwa uangalifu: la wote husemwa na mmoja, la mtu husemwa na mwenyewe, na anayekufa amekufa kwa neno lake.

Mpaka huo ndio uliovukwa sebuleni kwangu.

Kuondoka kwa msemaji

Ukivifungua vitabu vya mchezo huu vya karne hii, msemaji hayumo. Katika toleo la tatu, la mwaka 2000, nafasi yake imefutika. Wengi watakuambia kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kusemewa. Yamkini ni kweli, lakini sababu zilizo wazi ni za kawaida zaidi, nazo ni mbili.

Ya kwanza ni idadi. Toleo la mwaka 2000 lilipimwa kwa kundi la wahusika wanne. Watu wanne wanaweza kusikilizana bila ya mjumbe.

Ya pili ni zamu. Katika mafunzo ya mwaka 1981, penye mapambano kila upande ulitupa dadu moja, na upande ulioshinda ukatenda wote kwanza. Kumtupia kila mtu dadu yake lilikuwa ni jambo la hiari. Katika toleo la mwaka 2000 kila mhusika ana zamu yake mwenyewe katika mzunguko. Maadamu zamu ilikuwa ya upande, kinywa kimoja kilitosha. Zamu ilipokuwa ya mtu, kinywa kile kilikosa kazi. Hakuna aliyempindua msemaji. Kazi ndiyo iliyomwondoka.

Lakini kufuta jina la kazi hakuondoi haja yake. Mlangoni hakuna zamu. Njia panda hakuna zamu. Hapo lazima mtu aseme "tunafungua" au "hatufungui", na kwa kuwa kanuni haimtaji, husema mwenye sauti kubwa. Msemaji wa mwaka 1981 alikuwa na mipaka iliyoandikwa. Msemaji asiye na jina hana mpaka.

Wengine walijaribuje

Watunzi wa michezo mingine hawakuliacha suala hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya FASA ilitoa mchezo uliotokana na hadithi za televisheni za Star Trek, ambamo wachezaji ni maafisa wa chombo kimoja cha angani. Hapo nyota za mabegani zilirudi: mmoja ni nahodha, na wengine wako chini yake kwa cheo. Hadithi hutaka iwe hivyo, na wanaoketi kuucheza huwa wamekubali tangu mwanzo.

Mwaka 1984 ukatoka mchezo uitwao Paranoia, wa watunzi watatu, Greg Costikyan, Dan Gelber na Eric Goldberg. Huo ni mchezo wa kejeli. Kundi linatumwa kazini na kompyuta inayotawala mji, wahusika wamepangwa kwa madaraja ya rangi, na kila mmoja ana siri ya kumwangamiza mwenziwe. Kiongozi wa kundi yupo, na balaa lake ni kwamba yupo. Aliyewahi kukaa katika kamati zetu hatahitaji kufasiriwa.

Mwaka 1987 Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen walikuja na Ars Magica, wakaipeleka fikra mbali zaidi. Waliona kwamba hata kiti cha mwamuzi si lazima kiwe cha mtu mmoja milele, bali chaweza kuzunguka, na mchezaji huyo huyo aweza leo kuwa mchawi mkuu na kesho kuwa mtumishi wa mchawi wa mwenziwe. Ukubwa ukawa vazi la kupokezana.

Kisha, mwaka 2008, toleo la nne la Dungeons & Dragons lilirudisha neno "kiongozi" kwa maana nyingine kabisa. Liliwagawa wahusika kwa kazi zao vitani, na kiongozi akawa ni yule anayewatibu wenziwe na kuwatia nguvu. Kitabu kikaona haja ya kutanabahisha kwamba cheo hicho hakimfanyi kuwa msemaji wala kamanda wa kundi.

Ila jawabu lililonikalia moyoni ni la mwaka 2017, katika mchezo wa John Harper uitwao Blades in the Dark. Kundi linapotaka kutenda jambo kwa pamoja, mathalani kunyata kupita walinzi, mmoja hujitolea kuliongoza kwa tendo hilo moja. Wote hutupa dadu. Tupo lililo bora kuliko yote huhesabiwa kuwa la kundi zima, basi mwenye mguu mzito hubebwa na mwenye mguu mwepesi. Lakini kila mmoja aliyeshindwa, machovu ya kushindwa kwake humshukia kiongozi. Tendo likisha, uongozi nao umekwisha. Sijaona pengine palipoandikwa kwa ufupi namna hiyo kwamba kuongoza ni kulipa.

Nisije nikasahau kuwataja tena wale wawili walioanzisha safari. Arneson aliondoka katika kampuni mwaka 1976. Mwaka 1979 walifikishana mahakamani na Gygax kuhusu nani anastahiki nini, na mwaka 1981 wakapatana. Gygax naye, mwaka 1985, alipoteza udhibiti wa kampuni aliyoiasisi. Aliaga dunia mwaka 2008, na Arneson mwaka uliofuata. Watu wawili waliowafunza maelfu kuingia gizani kwa kundi hawakupata wao kanuni ya nani aseme kwa niaba ya nani. Silitaji hili kwa kuwacheka. Nalitaja kwa sababu ni rahisi zaidi kuiandika kanuni kuliko kuketi chini yake.

Rai yangu

Basi lihitajike kundi kiongozi, au lisihitajike? Naona swali limefunga kazi tatu katika fundo moja, na zikifunguliwa zinakuwa nyepesi kubeba. Ipo kazi ya kusema, ipo kazi ya kuamua, ipo kazi ya kubeba lawama. Jeshi la Prussia liliziweka zote kwa mtu mmoja. Jahazi pia huziweka zote kwa nahodha, na ni haki, kwa sababu bahari haingoji mashauriano, na chombo kikizama, naye huzama nacho. Methali yetu ni ya chombo, na chomboni ni kweli. Nilikosea kuileta mezani, pahala ambapo aliyeamua hakuzama, na aliyezama hakuamua.

Mezani, kazi ya kusema aipate mmoja, kwa sababu masikio ya mwamuzi ni mawili. Kazi ya kuamua ibaki kwa wote katika lililo la wote, na kwa mwenyewe katika lililo lake. Na atakayependa kuamua peke yake wakati wa dharura na aamue, maadamu yuko radhi yeye ndiye awe wa kwanza kuingia.

Nalisema hili nikiwa na deni. Zamani, washairi wenzangu walinichagua niyapeleke malalamiko yetu mbele ya wakubwa wa ofisi fulani. Waliniamini kwa kuwa natunga na kufasiri, wakaona ulimi wangu hautakwama. Niliingia, nikaona viti na sura, na maneno makali ya wenzangu nikayalainisha moja baada ya moja, hata yakawa salamu. Nilitoka nikiwaambia kwamba tumesikilizwa vizuri. Tulisikilizwa vizuri kweli, kwa kuwa sikusema kitu. Mzee mmoja katika kundi letu, ambaye sasa ni marehemu, aliniuliza siku ile swali moja tu: "Na langu, ulilisema?" Nikamjibu kuwa nimelisema. Mfasiri akipunguza neno la mwenye kitabu, kitabu kipo, atatokea mwingine alisahihishe. Msemaji akipunguza neno la mwenziwe chumbani, hakuna nakala.

Nilimwita yule kijana mkubwa nikamhadithia kisa hicho, kwanza chake Morgan Ironwolf, kisha changu. Alinyamaza kitambo. Halafu akatoka, akaenda nyumbani kwa jirani, na aliyoyasema huko sikuyauliza.

Ijumaa iliyofuata walikuwa watano tena. Wamekubaliana kwamba msemaji atabadilika kila usiku, na kwamba kabla ya kumjibu mwamuzi atazunguka meza kwa jicho na kumtaja kila mmoja kwa jina. Mchezo sasa unakwenda polepole. Kijana mkubwa ananung'unika kwamba kwa mwendo huu hawatafika chini ya kasri hadi likizo iishe, na yamkini anasema kweli. Usiku ule zamu ya usemaji ilimwangukia binti wa jirani, akiwa na mhusika mpya. Walifika mbele ya mlango. Akawataja mmoja mmoja. Watatu walisema wafungue. Mwenyewe, nilimwona usoni, hakutaka.

Akamgeukia mwamuzi akasema kwa sauti ile ile ndogo, "Tunafungua."